Chokaa Kwenye Shina la Rododendroni

Mtaani walimwita Fundi Chokaa, na jina halikuwa la kejeli. Mtu aliyeanza kupaka kuta kabla ndevu hazijamwota, akaendelea mpaka mvi zikamwota, na kila jioni akawa anarudi nyumbani na nyusi nyeupe kana kwamba ameangukia gunia la unga, ungemwita nani? Mkewe alimwita fundi tu, na tangu binti yao aolewe alikuwa akimtania kwamba siku si nyingi ataanza kumwita babu, ajizoeze mapema.

Alikuwa mpole. Mpole kupita kiasi, na hapo ndipo ugonjwa wake ulipokuwa. Wapo watu wanaosema uongo kwa tamaa, na wapo wanaousema kwa sababu hawataki kelele ndani ya nyumba. Fundi Chokaa alikuwa wa kundi la pili, na ukiniuliza, hao wa pili ndio wenye madhara zaidi, maana hakuna anayejihadhari nao.

Kazi yake aliipenda. Rangi za kopo hakuzitaka hata kuzisikia. "Rangi ya kopo inauziba ukuta pumzi," alikuwa akisema, "chokaa inauacha ukuta upumue." Mawe ya chokaa aliyazima mwenyewe kwa maji kwenye pipa nyuma ya nyumba, akasimama mbali yakichemka bila moto, kisha akatia chumvi kidogo ili chokaa ishike. Na fundi mzee aliyemfundisha kazi alikuwa amemwachia amri moja aliyoirudia mpaka ikaingia kwenye mifupa: maji ya kusuuzia ndoo na brashi hayamwagwi mferejini. Yakikauka mle yanakuwa jiwe, mfereji unaziba, na mwenye nyumba atakulaani mpaka siku ya kufa kwako. Yamwage kwenye udongo, pole pole, udongo uyanywe. Amri hiyo aliishika miaka yote, mahali popote alipofanya kazi, na nyumbani kwake pia.

Mkewe alishona sare za shule katika chumba cha mbele, na mdomo wake ulikuwa mkali kama mkasi wake. Lakini alikuwa na mkono wa kutoa, na hasira zake zilikuwa za moto wa mabua. Vitu ambavyo hakutaka mtu acheze navyo vilikuwa viwili: cherehani yake, na ile rododendroni iliyosimama nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa uani.

Jina rododendroni lilikuwa refu mno kwa ndimi za mtaa ule. Nyumbani waliita ua la mama, basi. Mama mzazi wa mke huyo alikuwa na kichaka kikubwa cha rododendroni mbele ya nyumba yake, kilichokuwa kikichanua mashada ya zambarau makubwa kama kichwa cha mtoto, na majani yake mazito, ya kijani iliyokolea, yaling'aa mwaka mzima kama viatu vilivyopigwa rangi. Mama alipofariki, nyumba ikauzwa. Kabla ya kukabidhi funguo, bintiye mkubwa, ndiye huyu mke wa fundi, alilaza tawi moja la chini, akalifukia udongo na kulikandamiza kwa jiwe, akawa anakwenda kuliangalia mara kwa mara kama mtu anayetembelea mgonjwa, mpaka likatoa mizizi. Akalikata, akalipakata kwenye ndoo njia nzima mpaka kwake. Mnunuzi aling'oa kile kichaka kikubwa ili apate pa kuegesha gari. Kwa hiyo lile tawi ndilo lililobaki la mama, na lilikua likawa kichaka chenye kimo cha mtu.

Masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya mkwe mpya. Halitaki jua la mchana kichwani. Halitaki kusimama kwenye maji. Jembe lisilisogelee, maana mizizi yake haizami, imelala juu juu kama mkeka. Linywe maji ya mvua kutoka kwenye pipa la chini ya paa, si ya bomba, kwa kuwa maji ya bomba ya mji ule yaliacha ukoko mweupe ndani ya birika. Chini yake litandikwe majani makavu ya msonobari, kwa sababu ni mmea unaopenda udongo mchachu. Na likishamaliza kuchanua, yale mashada yaliyonyauka yavunjwe kwa kidole gumba na cha shahada, kwa uangalifu, maana chini ya kila ua lililokufa kuna chipukizi ambalo ndilo ua la mwaka ujao. Kazi hiyo ya kuvunja mashada mke aliifanya mwenyewe, vidole vikinata utomvu, wala hakumwachia mtu.

Hakumwachia mtu, mpaka mdogo wake alipokuja kukaa nao.

Huyu mdogo alikuja na begi moja na macho makavu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekwisha kufa, na mumewe, badala ya kumshika mkono, alifungasha nguo zake akaondoka. Dada mtu hakuuliza maswali. Alimtandikia kitanda katika chumba cha binti yao aliyeolewa, na mwaka huo, ua la mama lilipomaliza kuchanua, alimwita uani akamwonyesha namna ya kuvunja mashada. Wakasimama pande mbili za kichaka, hawasemi kitu, wanavunja tu. Fundi Chokaa aliwatazama kutoka mlangoni akaona moyo wake umejaa.

Na ajabu ni kwamba shemeji yake huyo alitafuta kazi katika kituo cha kulea watoto, tena chumba cha wale wachanga, ambao mama zao wamerudi makazini. Watu walishangaa, wengine wakamwuliza usoni pake anawezaje. "Mikono ilikuwa imeshajiandaa," aliwajibu. "Nikiiacha bure inaniuma."

Sasa, binti yao alipojifungua, mke wa fundi alikwenda kumtunza yeye na kichanga, safari ya mbali, akakaa huko muda mrefu. Kabla ya kuondoka alimpa mdogo wake masharti yote ya ua la mama, moja baada ya jingine, na mdogo akayarudia kama mwanafunzi.

Msimu huohuo Fundi Chokaa alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote, kupaka maghala ya nafaka yaliyo pembeni ya mji, ndani na nje. Kila jioni alirudi na ndoo na brashi zake, akazisuuza nyuma ya nyumba, pale palipoinuka kidogo, akamwaga kwenye udongo, pole pole, udongo uyanywe. Udongo uliyanywa. Na kwa kuwa uwanja ule ulikuwa na mteremko, ukayapeleka chini kwa chini mpaka kwenye ule mkeka wa mizizi. Yeye hakuwaza hilo hata kidogo. Kwake mmea ulikuwa kazi ya wanawake wa nyumba ile, na chokaa ilikuwa kitu kisafi.

Tena, usimcheke, alifanya na la kumfurahisha mkewe. Chokaa iliyobaki aliipaka ukuta wa uani wote, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, mpaka ukawaka. Aliwaza mkewe atakaporudi na kuona majani ya kijani mbele ya ukuta mweupe namna ile, atasimama pale mlangoni ashindwe kusema.

Mkewe aliporudi alisimama pale mlangoni, na kweli alishindwa kusema. Majani ya ua la mama yalikuwa ya manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki ya kijani, kama mchoro. Ncha zake zilikuwa zimeungua. Vichipukizi vilivyotakiwa kuwa maua vilikuwa vya kahawia, ukivigusa vinadondoka.

"Lilianza kubadilika pole pole, dada," mdogo wake alisema. "Nilikuwa nalinywesha kama ulivyoniambia. Nilidhani ni ukame tu, nikaona nisikutie wasiwasi na wewe una mgonjwa wa uzazi."

"Ulilinywesha maji gani?"

"Ya pipa. Pipa lilipokauka ndiyo nikachota ya bomba, mara chache."

"Si nilikwambia yasiguse?"

"Mara chache tu, dada. Lingekufa kwa kiu."

Dada akajizuia. Akachuma jani moja, akampa mumewe. "Fundi, mpelekee yule bwana miche akalione. Atuambie linaumwa nini."

Bwana miche alikuwa na kitalu chake kule chini karibu na kijito, mtu mwenye haraka, anayeongea na miche kwa upole na watu kwa ukali. Aligeuza lile jani mara moja tu.

"Hii si kiu, wala si mdudu. Hii imelishwa chokaa. Mnajenga pale kwenu? Mmemwaga saruji?"

"Na maji ya bomba je?" Fundi aliuliza. "Yanaweza kufanya hivi?"

"Maji ya bomba yangechukua miaka. Hapa mtu kamwaga chokaa yenyewe." Akamtazama miguuni, viatu vimetapakaa weupe, akapandisha macho mpaka kwenye nyusi. Alimrudishia jani lake akageukia miche.

Fundi Chokaa alipanda kilima akiwa na lile jani mkononi, na kila hatua alijiambia, nikifika nasema. Nitasema, mke wangu, ni mimi, nilikuwa nasuuza ndoo. Atapiga kelele, atalia, kesho yataisha. Alikuwa na nia, ni kweli. Lakini nia ya mtu mpole ni kama chokaa isiyotiwa chumvi. Ukiigusa tu inabaki kidoleni.

Alipofika aliwakuta dada na mdogo wake uani, sauti zimeshapanda. Mkewe alikuwa akilia, na kilio chake hakikuwa cha mmea. Alikuwa akitaja mama, nyumba iliyouzwa, kichaka kilichong'olewa, na jinsi alivyopakata ile ndoo njia nzima. Alipomwona mumewe aligeuka.

"Kasemaje?"

Wote wawili walikuwa wanamtazama. Shemeji yake alikuwa na macho ya mtu anayengoja kutetewa, na yeye ndiye aliyekuwa na utetezi huo mfukoni. Fundi alifungua kinywa.

"Kasema ni maji ya bomba," akasema.

Neno lilitoka lenyewe, jepesi. Alidhani ananunua jioni moja ya amani, kwamba mwenye kosa dogo la maji atasamehewa haraka kuliko mwenye kosa kubwa la chokaa, na ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hakujua kilichokuwa kinakuja nyuma ya neno hilo.

Mkewe alimgeukia mdogo wake. "Unaona?" alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililokuwa baya zaidi. "Wewe ndivyo ulivyo. Kila kitu kikiwekwa mikononi mwako kinakufa."

Ulimi hauna mfupa, lakini ule wa siku hiyo ulivunja mfupa. Mdogo mtu aliitazama mikono yake, ndani na nje, kama anayeikagua, kisha akaingia ndani. Dada alishtukia alichosema, lakini kiburi kikamfunga. Na Fundi Chokaa, aliyekuwa na neno moja tu la kuirudisha sentensi ile ilikotoka, alisimama pale na jani lake la manjano.

Shemeji aliondoka siku iliyofuata na begi lake lilelile. Alipanga chumba upande wa pili wa mji. Alipopita mlangoni alimshukuru fundi kwa kila kitu, akamwita shemeji yangu mwema. Hilo la mwema lilimchoma kuliko tusi.

Kuanzia hapo Fundi Chokaa alianza kufanya toba ya mikono, kwa kuwa ya mdomo ilimshinda. Alikwenda kwenye msitu wa misonobari na magunia, akaleta udongo mweusi wa chini ya miti. Aliizungukia mizizi ya ua la mama kwa vidole, bila jembe, akaunyanyua mkeka wote, akausuuza kwa maji ya mvua mpaka weupe ukaisha, akachimba udongo wa zamani akautupa mbali, akajaza mpya, akalipanda upya mbali na ukuta.

"Mbona unalihamisha?" mkewe aliuliza.

"Ukuta unaliwekea kivuli kibaya."

Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza. Ndivyo ulivyo uongo, unazaa bila mkunga. Ndoo zake akaanza kuzisuuza huko huko kazini, na mkewe alipouliza, alisema mgongo umechoka kubeba. Wa tatu huo. Aliongeza mapipa ya kukingia mvua. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikwenda kulichungulia, akayahesabu majani mapya. Mke alimsifia kwa wateja wake wa sare. "Mume wangu nyote mnamjua, mambo ya maua hayajui," aliwaambia, "lakini tazama alivyoshughulika kwa ajili ya mama yangu. Wanaume wa hivi hawapo tena." Wateja walimtazama fundi kwa macho mazuri, naye akajifanya anatafuta kitu chini.

Mmea ni kiumbe kisicho na kinyongo. Mwaka ukapita, majani ya manjano yakapukutika, yakaja ya kijani. Mwaka wa pili vikatokea vichipukizi vinene kwenye ncha za matawi. Fundi alivipapasa kimoja kimoja, akaona furaha ambayo ilikuwa na miiba ndani yake. Aliwaza moyoni kwamba likichanua yote yatasahauliwa. Mkewe atafurahi, atamwita mdogo wake, watasimama tena pande mbili za kichaka, na hakuna atakayehitaji kujua kitu.

Likachanua. Mashada ya zambarau, makubwa, mengi kuliko ya miaka yote. Mkewe alitoka na kikombe cha chai mkononi, akasimama, akatikisa kichwa.

"Umeona, fundi? Tangu aondoke tu, limepona."

Fundi aliinama, akaokota jani kavu chini ya kichaka.

"Nilikuwa najilaumu, unajua," mkewe aliendelea. "Kuna siku nashona nasimama katikati ya mshono, nasema labda nilimwonea mtoto wa mama. Lakini ushahidi si huu hapa? Kikulacho ki nguoni mwako." Akanywa chai yake, akarudi ndani kwenye cherehani, moyo wake umetulia.

Basi hapo ndipo fundi alipoelewa alichokifanya. Yale magunia ya udongo, ile mizizi aliyoisuuza kwa vidole kama anayemwogesha mtoto, yote ile ilikuwa kazi ya kumshitaki mtu asiye na hatia. Kadiri ua lilivyopona, ndivyo shemeji yake alivyozidi kuwa na kosa. Roho ilimsuta, akakosa hata pa kukaa. Lakini hata hapo hakusema, na hilo ulisikie, maana habari za watu wa namna hii husimuliwa kana kwamba walielewa wakasema. Yeye alielewa, akanyamaza, akaenda kazini.

Kazini kwenyewe wiki ile kulikuwa katika kile kituo cha kulea watoto. Mama msimamizi alitaka ukanda na vyoo vipakwe upya. Fundi angeweza kukataa, akakubali, labda kwa sababu mwenye kidonda haachi kukigusa. Alidhani atamkuta shemeji yake chumba cha wachanga, amemweka mmoja begani, anambembeleza, na kwamba akimwona hivyo atatulia kidogo.

Alimkuta nyuma, kwenye mabeseni ya kufulia, mikono imezama kwenye povu.

"Shemeji yangu," alisema, akatabasamu, akajifuta. "Za nyumbani? Dada mzima?"

"Mzima. Anashona." Fundi alitazama beseni. "Leo umekuja kusaidia huku?"

"Huku ndiko niliko siku hizi. Nguo nazo si zinataka mtu?"

Mama msimamizi ndiye aliyemweleza baadaye, wakiwa ukandani, fundi juu ya ngazi na yeye chini ameshika ndoo isianguke. "Nilikuwa sina mlezi kama yule," alisema. "Kichanga kinalia tangu asubuhi, akikichukua kinanyamaza. Halafu siku moja akaja akaniomba nimtoe mle chumbani. Nikamwuliza kuna aliyekukosea? Akasema hapana, mama, naogopa tu. Nimemsihi mpaka nimechoka."

Mchana, kupitia mlango wa ukanda uliokuwa wazi, fundi alimwona mlezi mmoja msichana akitoka uani na kichanga mkononi, chupa ya maziwa imemdondoka, akamwelekea shemeji yake. "Nishikie huyu mara moja, dada, nikachukue nyingine." Akakinyoosha. Yule mwanamke alirudi nyuma hatua, akaificha mikono yake mgongoni, yenye maji, ikitiririsha povu kwenye sketi. "Nimelowa," alisema. "Mpe mwingine, mimi nimelowa." Kamba nzima ya taulo kavu ilikuwa inaning'inia nyuma yake.

Fundi alishuka kwenye ngazi. Alikuwa na ukuta nusu, na katika maisha yake yote hakuwahi kuuacha ukuta nusu, kwa kuwa chokaa ikikauka katikati huacha mstari usiofutika. Aliuacha. Alikwenda nyumbani na nguo za kazi, akaingia chumba cha mbele bila kunawa.

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Kuna nini? Umeanguka?"

"Bwana miche hakusema maji ya bomba," Fundi Chokaa alisema. "Alisema chokaa. Ni mimi. Nilikuwa nasuuza ndoo pale juu kila jioni ulipokuwa kwa mtoto, maji yakateremka. Nilijua siku ileile. Nilijua kabla hujamwambia lile neno, na ulipomwambia nilikuwa nikijua."

Alingoja kelele. Alizitamani, kwa kweli, kama mtu mwenye homa anavyotamani jasho. Hazikuja. Mkewe aliondoa mguu kwenye kanyagio. Alikaa akiitazama sare iliyokuwa chini ya sindano, sare ya mtoto mdogo wa darasa la kwanza.

"Wewe umeua mmea," alisema hatimaye, taratibu. "Tena umeufufua. Mimi nilichosema nitakifukia kwa udongo gani?"

Hapo fundi akaona kwamba hata kukiri kwake kulikuwa na ubinafsi ndani. Mzigo aliokuwa ameubeba miaka miwili alikuwa ameutua, na alikuwa ameutua mapajani mwa mkewe. Yeye alikuwa mwepesi tayari, na wepesi ule ulimtia aibu. Alitaka kumshika bega, akaona mikono yake ilivyo, akaiacha.

"Twende," mkewe alisema, akajifunga khanga. "Utasema wewe. Mimi akiniona mdomo umefunguka ataogopa."

Walimkuta mdogo mtu ametoka kazini, amekaa kwenye kimojawapo cha viti viwili vya chumba chake, anavua viatu. Kilikuwa chumba kisafi mno, kila kitu kimepangwa ukutani, hakuna hata mche mmoja dirishani. Alipomwona dada yake alisimama haraka kama mtoto wa shule, kiatu kimoja mguuni.

"Karibu, dada. Karibuni. Kuna msiba?"

"Kaa, mdogo wangu," dada alisema, akamtazama mumewe.

Fundi alibaki amesimama, kwa kuwa hapakuwa na kiti cha tatu, na alisema. Hakupamba, wala hakuanza na ule mwanzo wa unajua binadamu hukosea. Alisema ndoo, mteremko, jani, bwana miche, na neno alilolitoa uani wakati wote wawili wanamtazama. Alipomaliza, mke wake alipiga magoti sakafuni mbele ya mdogo wake, mkubwa kwa mdogo, akataka kumshika mikono. Mdogo aliirudisha nyuma, si kwa hasira. Alikuwa bado hajafika kwenye hasira. Alikuwa anamtazama fundi.

"Kwa hiyo haikuwa yale maji yangu?"

"Haikuwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Bwana miche alisema maji ya bomba yangechukua miaka."

"Na nilivyokuwa nalishika? Nilikuwa nikishika yale majani, nikipita. Kila siku nilikuwa nayashika."

"Hayakufa kwa mikono yako, shemeji. Wala si hayo majani tu," fundi alisema. "Hakuna kilichokufa kwa mikono yako."

Mdogo mtu akaketi tena kwenye kiti chake. Dada yake alikuwa analia chini bila sauti, paji la uso limegusa ukingo wa kiti, na yeye hakumwinua, wala hakumsukuma. Alikuwa ameiweka mikono yake mapajani, viganja juu, ngozi imekunjamana kwa maji ya kufulia.

"Nilikuwa nimeshaamini," alisema. Kisha akamwambia fundi, kwa adabu ileile ya siku zote, kama anayeomba maji ya kunywa, "Shemeji, nieleze tena. Anzia mwanzo. Ulikuwa unamwaga wapi?"

Fundi Chokaa akaanza upya, kutoka ndoo ya kwanza.